Pampu Isiyochoka

Nikiwa na miaka tisa nilikuwa napima maji kwa mabega. Kisima chetu kilikuwa nje kidogo ya kambi ya jeshi ya Moroto, pampu ya mkono, ile ya mpini mrefu wa chuma ambayo Uganda nzima inaijua. Majira ya mvua, jerikeni la lita 20 lilijaa ukisukuma mara 60 hivi. Kiangazi kikikaza zilifika 80, na mpini ulikuwa mzito kana kwamba kuna mtu huko chini anauvuta. Jerikeni la kwanza ulilijaza huku unapiga soga. La pili ulinyamaza. La tatu ulimwita dada yako.

Baba alikuwa askari kutoka Koboko, mama wa hukohuko West Nile, na majirani zetu kambini walikuwa Waacholi, Wateso, Wanyankole, Wagisu. Kilichotuunganisha ni Kiswahili: cha amri asubuhi, cha foleni ya maji jioni. Kina mama wa Kikarimojong waliokuja pale na mitungi yao walikijua cha kutosha kuulizana nani ametangulia. Mambo ya maji nimeyajulia katika lugha hii, na ndiyo sababu nayaandika kwa lugha hii.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja nafunga pampu za sola Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Nimepanda minara ya matangi Napak, nimelala chini ya paneli Amudat nikisubiri jua lichomoze, nimeburuta bomba mchangani Nabilatuk. Kazi hii naipenda, na nikiona mfereji unamwaga maji mahali ambapo mama mjamzito alikuwa anatembea nusu siku, moyo wangu unatulia. Lakini kuna jambo nilichelewa kulielewa, na kuchelewa kwangu kuliwagharimu watu. Kile kisima cha kambini kilikuwa na mlinzi, na mlinzi mwenyewe alikuwa uchovu wetu. Hakuna mtu aliyeweza kukikausha kwa sababu hakuna aliyekuwa na mikono ya kufanya hivyo. Ukiiondoa mikono ukaweka jua, umemwondoa na mlinzi.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu ni mkubwa na sitaki upotee katika malalamiko.

Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, na hata huo haueleweki. Baada ya hapo kunakuja upepo na vumbi, mito inabaki mchanga mtupu, na jua linakaa juu ya Mlima Moroto tangu saa moja asubuhi bila wingu la kulifunika. Miezi ambayo watu na ng'ombe wana kiu zaidi ndiyo hiyohiyo ambayo paneli zinafanya kazi vizuri zaidi. Genereta halina bahati hiyo. Genereta linahitaji dizeli ipande kutoka Mbale, na dizeli haijui kama ni Februari. Wakarimojong wanaliita jua akolong na maji ngakipi, na siku ya kwanza nilipomweleza bibi mmoja kwamba akolong ndilo litakalovuta ngakipi, alilitazama jua kwa kiganja cha mkono usoni, akanitazama mimi, akauliza kwa nini basi limekaa miaka yote hiyo likitukausha tu.

Swali lake ni la haki, na si yeye wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 1913, pale Maadi karibu na Cairo, Mmarekani mmoja aitwaye Frank Shuman alipanga vioo virefu vilivyopinda kama mifereji, akavielekeza kwenye jua, akachemsha maji yakawa mvuke, na mvuke ukaendesha pampu iliyovuta maji ya Mto Nile kumwagilia mashamba. Maji ya mto huohuo unaotoka kwetu Jinja. Mashine ilifanya kazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja mwaka uliofuata, mafuta ya petroli yakashika bei ya chini, na mradi ukafa. Paneli za kisasa, zinazogeuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja, zilianza kuvuta maji Mali katika miaka ya 1970, wakati wati moja ya paneli iligharimu makumi ya dola za Marekani. Leo wati hiyo haifiki dola moja. Kilichobadilika zaidi ni bei, na bei ndiyo iliyonipa mimi kazi.

Watu hudhani pampu ya sola inahitaji paneli kama uwanja wa mpira. Hapana. Kupandisha lita 1,000 za maji mita moja juu kunahitaji umeme usiofika hata wati tatu kwa saa moja. Chukua kijiji kinachotaka lita 12,000 kwa siku, yaani majerikeni 600, kutoka kisimani hadi juu ya tangi, jumla mita 60 tukiingiza na msuguano wa mabomba. Kazi yenyewe ya kunyanyua ni uniti mbili hivi za umeme, uniti moja ikiwa wati 1,000 kwa saa moja. Mota na pampu hula karibu nusu ya unachowapa, kwa hiyo weka uniti nne. Jua letu linakupa saa tano na nusu za nguvu kamili kwa siku ukilijumlisha lote kuanzia asubuhi hadi jioni. Hizo ni wati 730 hivi. Ongeza kwa ukarimu kwa ajili ya vumbi, joto, nyaya na siku za mawingu. Unaishia kwenye paneli tano za wati 250. Tano tu! Zinatosha juu ya paa la duka.

Na joto, kwa njia, si rafiki wa paneli. Hili huwashangaza wengi wanaosema Karamoja inafaa kwa sola kwa sababu inaunguza. Paneli inakula mwanga, si joto. Kipimo kilichoandikwa mgongoni mwake kimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi moja inayozidi hapo inapunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4. Saa saba mchana paneli yetu ina nyuzi 60. Hapo umeshapoteza kama asilimia 14. Ndiyo maana hatuzilazi bapa juu ya bati. Tunaziinua juu ya fremu ili upepo upite chini. Tunaziinamisha kidogo pia, ingawa hapa karibu na ikweta jua liko utosini, ili mvua ikija iondoke na vumbi. Kabla ya mvua, vumbi linafutwa kwa kitambaa na maji asubuhi sana, kioo kikiwa bado baridi. Ukimwagia maji baridi kioo cha saa saba unaweza kukipasua.

Betri hatuweki. Hilo pia huulizwa sana: usiku je? Usiku tangi linashusha maji yenyewe. Tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa mita sita ndiyo betri yetu. Halichoki baada ya miaka minne, joto haliliui, na mwizi hawezi kulibeba mgongoni. Ukihifadhi maji umehifadhi jua.

Kuna siku nilimaliza saa tatu nzima nikitafuta ugonjwa wa pampu moja wilayani Napak. Kila siku ikifika saa tisa alasiri maji yanapungua ghafla, nusu yake, wakati jua bado ni kali. Nilifungua kontrola, nikapima nyaya, nikashuku mota. Mlezi wa pampu, mama wa makamo mwenye shanga nyekundu shingoni, alikaa chini akinitazama. Mwishowe akasema, "Mwanangu, njoo uone," akanionyesha paneli ya mwisho. Tawi moja la mti lilikuwa limelaza kivuli chake pale, kivuli chembamba kama fimbo ya mchungaji. Paneli zile zimeungwa mfululizo, moja inampokeza mwenziwe, kwa hiyo ukiizuia moja umezibana zote. Yeye alikuwa ameligundua siku nyingi, hakuna aliyemuuliza. Mti wenyewe ulikuwa mjunju, ambao Wakarimojong huuita ekorete, na majani yake ndiyo mboga ya miezi ya njaa, wakati hakuna kingine kinachochipua. Nilitaka panga. Wazee wakakataa, nami sasa naona walikuwa sahihi. Tuliing'oa fremu tukaisogeza hatua kumi na mbili.

Sasa kijiji kile kingine. Sitakitaja jina, wala kampuni iliyopata zabuni. Jina ninaloweza kulitaja ni langu, na mimi nilikuwa msaidizi, mshika kamba.

Palikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya mkono, kimechimbwa zamani. Watu wapatao 600 na mifugo yao. Mfadhili alitaka sola, na kuchimba kisima kipya ni ghali, kwa hiyo uamuzi ukawa kuing'oa pampu ya mkono na kushusha ya sola katika shimo lilelile. Tulifika mwezi wa nane, mvua zimenyesha vizuri, nyasi zinafika magotini. Kabla ya kuweka pampu yenye mota, kisima kinatakiwa kupimwa: unakivuta saa 24 mfululizo kwa kasi moja, kila baada ya muda unashusha utepe wa kina, halafu unazima na kutazama kinavyojaa tena. Sisi tulikivuta saa tatu. Maji yalishuka kidogo, yakatulia. Msimamizi akatazama saa, akatazama barabara, akaandika: lita 5,000 kwa saa. Nilikuwa nimeushika utepe mimi. Niliona kwamba yale maji hayakutulia kabisa. Yalikuwa bado yanashuka, taratibu, upana wa kidole kila robo saa. Nikanyamaza. Nilikuwa kijana, nina mke mpya, na msimamizi ndiye aliyekuwa anasaini malipo.

Mtu asiyeujua mwamba wa Karamoja anaweza kudhani chini kuna ziwa. Hakuna ziwa. Ni mwamba mgumu wa kale sana, na maji yamekaa ndani ya nyufa zake, kama maji yaliyoingia kwenye ukuta uliopasuka. Ukivuta polepole, nyufa za mbali zinaleta za kwao. Ukivuta kwa pupa, unamaliza za karibu na za mbali hazijafika. Kwa hiyo kisima kinaweza kukudanganya saa tatu za kwanza. Saa ya kumi na nane hakiwezi.

Tukafunga paneli kumi. Siku ya kufungua maji yalitoka kwa kishindo, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akaruka ile michezo yao ya kuruka akiwa na miaka yake sabini. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu, na sitaki kuudharau. Wasichana waliokuwa wanaondoka saa kumi alfajiri na majerikeni walionekana darasani. Kila nyumba ilipanda sukuma wiki kidogo karibu na mfereji. Hakuna aliyefunga mfereji wa mifugo, kwa nini ufungwe, jua ni la Mungu na halimlipishi mtu. Maji yalifurika kwenye birika la ng'ombe yakatengeneza tope, na bata wakaja. Bata, Karamoja, mwezi wa pili!

Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Kiangazi cha tatu kilikuwa kirefu. Pampu ilivuta lita 5,000 kwa saa kutoka kwenye nyufa zilizokuwa zinatoa 3,000, siku baada ya siku, saa sita kwa siku, bila kuuma mkono wa mtu yeyote. Kwanza mfereji ukaanza kukohoa. Halafu maji yakaja na mchanga mwembamba unaosaga meno. Pale ndani kuna sensa inayotakiwa kuzima mota maji yakishuka chini ya pampu, kwa sababu maji hayohayo ndiyo yanayoipoza. Waya wake haukuwa umeungwa. Mota ikazunguka kavu kwenye jua la saa sita hadi ikaungua.

Nilifika wiki mbili baadaye. Foleni ilikuwa mtoni, kwenye mchanga. Wanawake walikuwa wamechimba shimo la kimo cha mtu, mmoja amesimama chini anachota kwa kibuyu, kikombe kwa kikombe, anampa wa juu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Msichana mmoja aliyekuwa na sare ya shule ameifunga kiunoni kama leso aliniona na boksi langu la spana, akaniuliza bila hasira yoyote, "Fundi, ile ya zamani mliipeleka wapi?"

Ile ya zamani. Pampu ya mkono. Tulikuwa tumeing'oa na kuipakia kwenye lori.

Nimefikiri juu ya swali hilo miaka mingi kuliko nilivyofikiri juu ya chochote nilichosoma chuoni. Pampu ya mkono ilikuwa mbaya kwa mambo mengi. Iliwaumiza migongo kina mama. Ilikula raba zake kila baada ya miezi michache. Sehemu nyingi za Uganda mabomba yake ya chuma yaliliwa na kutu hadi maji yakaifanya chai kuwa nyeusi. Sitamwambia mtu yeyote arudi huko. Lakini ilikuwa haiwezi kutoa zaidi ya kile watu walichoweza kusukuma, na watu wakichoka kisima kinapumzika. Usiku kilipumzika. Mvua ikinyesha kilipumzika wiki nzima. Hatukuita jambo hilo utunzaji wa maji kwa sababu lilijitunza lenyewe.

Hata sheria yetu inalijua hili, ingawa sijawahi kusikia mtu akilieleza kijijini. Kwa Kanuni za Rasilimali za Maji za mwaka 1998, pampu ya mkono haihitaji kibali. Ukiweka pampu ya mota unatakiwa uwe nacho, na kibali kinataka kujua unavuta kiasi gani. Aliyeandika alielewa kwamba mota ni kiumbe kingine. Tatizo ni kwamba kibali kinabaki kwenye faili mjini, na aliye na mkono kwenye swichi ni mama ambaye hajaliona faili hilo.

Tulirudi pale kijijini na mradi mwingine, safari hii mimi nikiwa fundi mkuu. Nilikivuta kile kisima saa 24, mwezi wa pili, kiangazi kimekaza, maana kisima upime kikiwa na njaa, si kikiwa kimeshiba. Usiku ule tulikaa wawili, mimi na mama aliyechaguliwa kuwa mlezi. Kushusha utepe ni kazi ya masikio. Unauacha uteremke gizani, mita 30, mita 40, unasikia tu unavyokwaruza bomba, kisha ncha yake ikigusa maji kikengele kinalia na kitaa chekundu kinawaka mkononi mwako. Unasoma. Unaandika. Unasubiri. Kufika saa nane usiku alikuwa anausoma yeye, na mimi ndiye niliyekuwa naandika. Alfajiri akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Kumbe kinapumua." Ndiyo, mama. Kinapumua.

Kipimo kilikuja lita 3,000 kwa saa, na kwa usalama tukachukua 2,000. Paneli kumi zikawa tano. Nyingine tano zikaenda kituo cha afya kuwashia taa za chumba cha kujifungulia. Sensa ya ukavu niliiunga kwa mikono yangu, nikaijaribu mbele ya kamati nzima. Pampu ndogo, mwendo wa msokoto, ambayo hutoa maji hata jua likiwa hafifu saa mbili asubuhi, tofauti na zile za mapangaboi ambazo jua likiwa hafifu huzunguka tu na maji hayafiki juu. Bomba la mifugo likapewa valvu yake peke yake, yenye kufuli. Na shimo la pili, jembamba, la kuwekea pampu ya mkono, tulilipigania kwenye bajeti hadi likapita. Ipo pale hadi leo. Siku za mawingu watoto huichezea, na siku sola ikigoma watu hawaendi mtoni.

Lita 12,000 kwa siku. Kwa watu 600 ni lita 20 kila mmoja, kiwango kinachotumika kupangia maji ya vijijini Uganda, na kwa ng'ombe hapabaki kitu cha maana. Ng'ombe mmoja mzima anakunywa lita 30, na kwenye joto anapita hapo. Kikao cha kuamua hilo kilikuwa kigumu kuliko kazi yote ya mabomba. Mfugaji wa Karamoja ukimwambia maji ya mtu yako juu ya maji ya ng'ombe unamwambia jambo la ajabu, maana ng'ombe ndiye anayemlisha huyo mtu. Vijana walitaka paneli zote kumi zirudi. Aliyewatuliza ni mzee mmoja asiye na cheo chochote kwenye kamati. Alisema maji yakikaa mahali pamoja mwaka mzima, ng'ombe hawataondoka, na ng'ombe wasipoondoka nyasi ndizo zitakazoondoka.

Alisema kweli, na wafadhili wengi hawajalisikia. Nimeyaona kwa macho maeneo ambayo birika la mifugo linatoa maji miezi yote: duara la udongo mtupu, limekanyagwa hadi limekuwa unga, na linapanuka kila mwaka. Zamani mabwawa ya mvua yalikauka kwa zamu, na kukauka kwake ndiko kulikowahamisha watu kwenda malisho ya kiangazi, kisha nyasi za nyuma zikapata nafasi ya kuota. Bwawa kubwa kama la Kobebe, ambako hata Waturkana kutoka Kenya huja kunywesha mifugo kiangazi, linabeba umati huo kwa sababu wazee wa pande zote hukaa na kupatana. Birika la sola lililojengwa na fundi kama mimi kwa siku mbili halina wazee. Maoni yangu, na nimebishana na wakubwa wangu juu yake, ni kwamba hakuna birika la mifugo linalopaswa kujengwa Karamoja kabla hawajakaa wanaojua ng'ombe watakuwa wapi Januari, na kwamba ratiba ya kulifunga inapaswa kuandikwa siku ileile ya kulifungua.

Pale kijijini walikubaliana hivi: birika la mifugo linafunguliwa majira ya mvua na mwanzo wa kiangazi kwa ndama na wanyama wagonjwa. Kundi kubwa linakwenda mbali kama lilivyokuwa linakwenda. Na anayeamua siku ya kulifunga si mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, wala si mimi. Ni utepe.

Nilimwachia yule mama utepe wangu wa zamani, ule niliokuwa nimeushika kimya siku ile. Kila Jumamosi, kabla jua halijazipata paneli na maji yakiwa yamelala, anaushusha. Ana daftari la shule la kurasa 48, mistari ya bluu, na mjukuu wake ndiye anayeandika. Nimelipitia mara nyingi. Mwezi wa tisa: mita 31. Mwezi wa kumi na moja: 31 na nusu. Krismasi: 32. Pembeni mwa ukurasa mmoja, mahali ambapo kipimo kilishuka kwa kasi, mtoto amechora ng'ombe wengi, na mama akanieleza kwamba wiki ile wageni walipita na mifugo wakaomba maji usiku, nao hawakuweza kumnyima mtu anayeomba maji. Hakuna grafu niliyowahi kuiona ofisini inayosema hivyo.

Kila nyumba inatoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Jua halidai kitu, lakini mlinzi wa paneli anadai, valvu zinadai, na siku moja mota itadai zaidi ya wote. Walipofikisha laki saba walinipigia kuniuliza kama zinatosha mota mpya. Nikasema bado. Hawakukata tamaa, waliuliza bei kamili, wakaiandika kwenye jalada la daftari.

Jumamosi iliyopita simu yangu iliita saa moja na robo asubuhi nikiwa kwenye boda boda kuelekea Amudat. Nikamwambia kijana asimamishe. "Fundi," mama akasema, nyuma yake nikisikia jogoo na mpini wa pampu ya mkono ukilia, "thelathini na nne na robo."

Nikamwambia ni mapema sana kushuka hivyo, kwamba mwaka huu afunge valvu ya mifugo mwezi mmoja kabla.

"Nimefunga jana," akasema. "Wewe njoo tu na raba za hii ya mkono, zinavuja."